Ufa Unaoitwa Kisyeri

Mke wa ndugu yangu alikataa kumpa mtoto wake jina la baba yetu, na alinikatalia usoni, mtoto akiwa ananyonya. Alisema ataitwa jina lolote lile, la kanisani, la mjomba, hata la jirani, lakini Kisyeri hapana. Nilimwuliza kwa nini, ingawa nilijua. Akasema niende karakana ya kijiji, nikae kidogo niwasikilize wanaume wanavyoongea wakifua majembe, halafu nirudi nimwambie kama mimi ningekubali mwanangu aitwe hivyo.

Jina lake Robi. Leo naweza kusema si mwanamke mbaya, lakini siku ile ningemzaba kibao kama asingekuwa mzazi. Ndugu yangu Marwa alikuwa pale pale mlangoni anaendelea kuchonga mpini. Marwa ni mpole, na upole wake umenichosha tangu tukiwa watoto. Alikuwa amezaa mabinti watupu mpaka huyu, na sote tulikuwa tumengoja. Kwetu, Wakurya, mtoto wa kiume huchukua jina la babu aliyefariki, na mimi shangazi mkubwa ndiye wa kulitamka. Jina likipita bila mtu wa kulibeba, yule mzee anakuwa amekufa kweli kweli. Haitwi tena na mtu uani kwake, si kwa kugombezwa wala kwa kukaribishwa chakula.

Robi akaongeza neno la mwisho, taratibu, huku akimfuta mtoto mdomo. Alisema kuna mgeni amekuja kutoka Dar es Salaam, anakusanya maneno ya ufundi wa chuma ili yachapwe kwenye kamusi, na yuko karakana tangu asubuhi.

"Sasa litachapwa, wifi," alisema. "Huyu akianza shule atalikuta huko linamngoja."

Nikajifunga kanga vizuri nikaondoka. Sikuaga mtu.

Lazima nilieleze neno lenyewe, maana asiyewahi kushika nyundo anaweza kufikiri nilikwenda kugombana bure. Jembe likishafuliwa, makali yake hupashwa moto hadi yawe mekundu, kisha huzamishwa mahali yapoe ghafla ili yawe magumu. Mafundi wetu husema wanakinywesha chuma. Kikinyweshwa vibaya kinaingia ufa mwembamba kwa ndani, ambao jicho halioni. Jembe linang'aa, unalinunua, unalitia mpini, na ukipiga udongo kidogo tu linakatika shingoni. Ufa huo hakuna anayeuita ufa. Nenda kwa wahunzi wa Kenyamonta, nenda gereji za Mugumu, nenda Tarime mjini, utamwona fundi anagonga chuma, anakitegea sikio, anatikisa kichwa na kusema hiki kimeingia kisyeri. Hata Sirari, kule mpakani, wamelidaka. Makanika wa upande wa Kenya wanakwambia hii chuma iko na kisyeri. Wote hao hawajui kwamba Kisyeri alikuwa mtu mwenye mke na watoto, aliyependa ugali wa ulezi na maziwa ya mgando, na aliyekuwa akiimba vibaya sana kanisani.

Alikuwa baba yangu. Sisi ni watu wa ukoo wa wahunzi, abaturi kwa Kikurya. Tangu zamani watu walichukua majembe na mikuki kwetu, lakini binti zao hawakutupa na wa kwetu hawakuwataka. Walituogopa na kutudharau kwa wakati mmoja, jambo ambalo mpaka leo sielewi mtu analimudu vipi. Tuliishi peke yetu kilimani na ilitufaa. Ilipotoka amri ya kuhamia vijijini tuliteremshwa, tukapangiwa viwanja mstari mmoja na watu hao hao, kati ya Kenyamonta na Ringwani. Baba alipewa karakana. Nasema alipewa, lakini fuawe ya kufulia ilikuwa yake, mivukuto ya kupulizia moto ilikuwa yake, na koleo zilikuwa za babu yake. Kijiji kilitoa nyasi za paa na kibao kilichoandikwa mali ya wanakijiji wote.

Mwenyekiti wetu alikuwa Waitara. Ni mtu wa mikutano mirefu, na akisimama kuhutubia husahau kuwa wengine wamesimama juani. Kulikuwa na wageni wa wilaya wa kuja kulifungua shamba la ujamaa, na Waitara alitaka kila mtu aonekane na jembe jipya. Chuma cha zamani kilikuwa kimekwisha, akaagiza springi za malori mabovu. Chuma kile ni kigumu, kina hasira, na wahunzi wengine hawakuwa wamekizoea. Baba alikuwa amekwisha kukijaribu kule kilimani, akakivunja, akakivunja tena, mpaka akakijua tabia. Akamwambia mwenyekiti kwamba springi haivumilii maji ya baridi. Inataka mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, chungu kizima. Na mafuta yalikuwepo, kwa sababu fahali wa wageni alikuwa amekwisha kuchinjwa.

Waitara alikataa. Nilikuwepo, nimepeleka uji. Alisema mafuta ni ya kukaangia wageni nyama, na maji yapo tele mtoni, hayana mwenyewe. Baba akajaribu kumweleza tena, polepole, jinsi alivyokuwa akitueleza sisi watoto. Hapo Waitara akapaza sauti ili wote wasikie. Alisema abaturi wamezoea kuficha kazi yao ndani ya uchawi wa mafuta na miiko, na anayechelewesha kazi ya taifa makusudi anajulikana anakopelekwa. Baba akatazama huku na huku, akimtafuta hata mmoja wa kusema neno. Wanaume waliokuwa wamesimama pale, wengine wamelima na majembe yake tangu ujana wao, waliangalia chini. Basi akayanywesha majembe yote maji, kisha akanirudishia kata ya uji.

Siku ya wageni yalikatika. Si yote, lakini yalitosha. Mgeni mkubwa mwenyewe alipewa jembe la kufungulia shamba, likaenda likagonga jiwe, chuma kikabaki ardhini na yeye akabaki na mpini. Watu wakaangua kicheko, kisha wakajiziba midomo kwa woga. Waitara akamgeukia mgeni na kusema, kwa sauti yake ya mkutanoni, kwamba hiyo ndiyo kazi ya Kisyeri.

Ilianza kwa watoto. Kila kilichovunjika kilikuwa kimepigwa Kisyeri, iwe kata, iwe kigoda. Watoto wakachoka wakaacha, lakini wahunzi hawakuacha, kwa sababu ule ufa ulikuwa mpya kwao na haukuwa na jina, na jina hili lilikuwa tayari mdomoni. Baba aliendelea na kazi. Aliwafundisha wenzake kunywesha springi mafuta, na mwenyekiti hakudiriki tena kumwingilia. Lakini kila siku alisikia jina lake likitupwa kwenye rundo la vyuma vilivyoharibika. Sisemi neno lilimwua. Alikufa kwa kifua, kama wahunzi wengi. Nasema tu kwamba mwishoni, mtu akimwita, alikuwa anangoja kidogo kwanza ajue kama anaitwa yeye.

Nilipofika karakana mivukuto ilikuwa inapulizwa na moto umekolea. Kwa mila zetu mwanamke haingii hapo wakati huo. Niliingia. Joram, fundi aliyeshika nafasi ya baba, akaiacha nyundo hewani. Waitara alikuwa amekalia kiti pekee kilichokuwepo, fimbo juu ya magoti, na mbele yake kwenye gogo aliketi kijana wa miwani, shati limelowa jasho mgongoni. Huyo alikuwa Athanas, mgeni wa Dar es Salaam.

Nilimsalimu Athanas. Waitara sikumwamkia. Mtu wa umri wake kunyimwa shikamoo mbele ya mgeni ni kama kutemewa mate, na nilikusudia hivyo.

Waitara akaniambia nitoke, moto unawaka na hapo si mahali pa wanawake. Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyetuhubiria miaka yote kuwa ujamaa umefuta miiko ya kizamani, na kwa hiyo fuawe ya baba yangu ni ya kila mtu. Kama ni ya kila mtu, basi ni yangu pia. Joram akainamisha kichwa kuficha kicheko. Waitara alimwona, akamwambia kama anayemkaripia kijana mdogo, "Mura, angalia kazi yako."

Nikamwuliza mgeni kama ameandika neno kisyeri. Uso wake ukachangamka, maskini. Alisema ndilo neno zuri kuliko yote aliyoyapata safari nzima. Kiswahili hakikuwa na neno moja la ufa wa namna ile, watu wa viwandani huko mjini wanazungukazunguka na maneno matatu manne, kumbe huku Mara wanalo, fupi, na linajulikana mpaka mpakani. Tayari alikuwa amelipanga vizuri, kisyeri, wingi wake visyeri.

"Baba yangu hana wingi," nilimwambia.

Hakunielewa. Akanitazama, akamtazama mwenyekiti, akasema ameelezwa kwamba ni neno la kale la Kikurya, maana yake ni kitu kilichooza ndani. Nikamwuliza ameelezwa na nani. Hakuhitaji kunijibu, kwa sababu Waitara alikuwa ghafla ameanza kuitazama fimbo yake kana kwamba ameletewa leo.

Hapo hasira yangu ilibadilika. Nilikuwa nimekuja na hasira ya mtu aliyetukanwa. Sasa nikaona mzee huyu hakutosheka kulichafua jina. Alitaka na mwenye jina asiwe amewahi kuishi. Maana ukisema ni jina la mtu, mgeni atauliza alifanya nini, na ukieleza alichofanya itabidi ueleze nani alimlazimisha. Kwa hiyo bora kitu kilichooza ndani, cha zamani, kisicho na kaburi.

"Ni jina la mtu," nikasema. "Kaburi lake liko nyuma ya zizi la ndugu yangu. Ukitaka nitakupeleka."

Waitara akasema mimi ni mwanamke mgomvi, ukoo wetu wote ni wa wagomvi, na mgeni asipoteze muda wa serikali. Athanas, nampa haki yake, hakufunga daftari alilokuwa akiandikia. Aliwageukia mafundi akawauliza neno limetoka wapi. Walikuwa ni wale wale waliotazama chini siku ile ya mafuta, na sasa walitazama chini tena, hodari kweli wa kutazama chini. Nikamwendea Joram mpaka joto la makaa likanichoma uso.

"Joram, hiyo springi uliyoshika utainywesha nini?"

Akasema mafuta. Chungu kilikuwa hapo miguuni pake, na harufu ya mafuta ya ng'ombe imejaa karakana nzima.

"Kwa nini si maji?"

"Maji yataleta kisyeri," alisema, kisha akang'amua kwamba amelisema mbele yangu.

"Na nani alikufundisha mafuta?"

Joram ni mtu mzima, ana wake na ng'ombe. Alimtazama Waitara, akaitazama springi inayopoa kwenye koleo, akaonekana anachagua. "Ni mzee Kisyeri," alisema mwishoni. "Sisi sote alitufundisha yeye. Mwanzo alikatazwa."

"Alikatazwa na nani?" akauliza Athanas.

Joram aligeukia makaa. Aliirudisha springi motoni. Lakini macho ya wote yalikwenda mahali pamoja, na mgeni hakuwa kipofu.

Nikamtaka Athanas alifute neno lile. Akanijibu kwa adabu, na adabu yake iliniudhi kuliko matusi ya Waitara. Alisema anaelewa uchungu wangu, lakini kamusi haihukumu mtu. Yeye huandika wanachosema watu, na hata akilifuta kwake, mafundi wa Mugumu na Tarime hawatalifuta midomoni mwao. Neno likishaingia kazini haliondolewi kwa amri. Nilijua anasema kweli, na ndiyo maana nilitaka kumpiga na koleo.

"Sawa," nilisema. "Kama ni lazima ufa huo uitwe jina la mtu, andika jina la aliyeagiza maji. Andika waitara. Joram, mnaweza? Chuma hiki kimeingia waitara. Mbona linakaa vizuri tu mdomoni?"

Fundi mmoja nyuma ya mivukuto alicheka, akashindwa kujizuia. Waitara alinyanyuka kitini kwa haraka ambayo sikuitarajia kwa umri wake, na fimbo ikiwa juu.

"Nina mjukuu anaitwa Waitara," alisema. Sauti yake haikuwa ya mkutanoni. "Yuko darasa la pili. Unataka wenzake wamwite nini huko shuleni?"

Hakuna aliyepuliza mivukuto. Nilimwacha asimame hapo na maneno yake, asikie yanavyorudi. Nilikuwa nimejiandalia matusi mengi njiani na sikuhitaji hata moja.

"Kisyeri naye amepata mjukuu," nikamwambia. "Hana jina. Mama yake anaogopa hicho hicho unachoogopa wewe."

Kama mnangoja niseme aliomba radhi, mtangoja sana. Aliishusha fimbo, akasema abaturi siku zote wamekuwa na midomo mirefu, akatoka akipita karibu nami bila kunigusa. Alimwita Athanas amfuate wakale. Athanas akasema anakuja, lakini hakuinuka. Alifuta mstari ule wa kitu kilichooza ndani, akaandika upya, kisha akanisomea. Kisyeri, ufa wa ndani unaoingia kwenye chuma cha springi kikipozwa kwa maji. Kutokana na jina la Kisyeri, mhunzi wa Kikurya aliyefundisha kuuzuia kwa mafuta. Akaniambia ukweli, kwamba kamusi ni kitabu cha maneno mafupi na wakubwa wake wanaweza kukata sehemu ya pili wakabakiza ya kwanza. Hangeweza kuniahidi.

Nikamshukuru kwa kutonidanganya. Kisha nikamshika Joram mkono, na masizi yake na jasho lake, nikamwambia kuna mtu mwingine wa kumweleza alichosema hapa. Alitaka kubaki. Sikumwuliza anataka nini.

Robi alikuwa bado amekaa pale pale na mtoto, na Marwa na mpini wake. Joram alisimama uani kama mtu aliyekamatwa kwa wizi. Alieleza habari ya mafuta, ya maji, ya amri, na kwamba hakuna fundi wilaya nzima anayefua springi leo bila kutumia alichoachiwa na mzee wao. Marwa aliacha kuchonga. Alikuwa amejua yote haya, lakini hakuwahi kumsikia mtu asiye wa damu yetu akiyasema.

Robi alisikiliza mpaka mwisho. "Shemeji Joram," akauliza, "kuanzia leo mtaacha kulisema?"

Nilimwomba Mungu Joram adanganye. Hakudanganya. Alisema watajaribu, lakini hawana neno jingine, na mkono ukiwa motoni mdomo hutoa lililo karibu.

Robi akanitazama mimi. Nilifikiri sasa atasema umeona, maana karakanani nilishinda na hapa nilikuwa nashindwa. Akamtazama mtoto, kisha akainuka akanikabidhi, kwa ukali, kama mtu anayerudisha chombo cha watu.

"Mtaje, wifi," alisema. "Lakini watakapomcheka, usinitume mimi shuleni. Utakwenda wewe."

Nikamgeuza mtoto anitazame, nikamwita Kisyeri mara ya kwanza, pale uani, Joram akisikia. Mtoto akapiga chafya. Marwa akalia, jambo ambalo hakulifanya hata msibani.

Na shuleni nimekwenda, tena si mara moja, na siku ya mwisho nilikwenda na fimbo.